Mandhari ya ufukweni au mabango ya usafiri: mchoraji wa Nyanda za Juu Kusini ashike lipi?

Hii nawaandikia wachoraji wa Mbeya, Iringa, Njombe na kule Kyela ambao mkono tayari mnao, Ziwa Nyasa mnalichora likaeleweka, ila mmekwama njia panda. Upande mmoja kuna kuchora mandhari yako mwenyewe, Matema, Ikombe, milima ya Livingstone inavyoshuka mpaka majini, halafu unaweka kwenye lodji au unawauzia wageni. Upande wa pili kuna mwenye mabasi au mwenye boti anakupigia simu anataka bango la kuwavuta watu wapande chombo chake waende huko huko Matema. Picha inaweza kuwa ile ile kabisa, mchanga ule ule na mitumbwi ile ile, lakini hizi ni kazi mbili tofauti na wengi wanaziingia wakidhani ni moja.

Swali linaloulizwa sana ni ipi ina hela. Hela muhimu, sikatai, ila kwa ninavyoona kinachoamua zaidi ni nani mwenye neno la mwisho juu ya picha. Kwenye mandhari unabaki na picha na unaisubiri hela, kwenye bango unapata hela na unaiachia picha. Mtu akishajua ni kipi kati ya hivyo viwili anaweza kukivumilia, nusu ya uamuzi imeisha.

Tunapima kwa vigezo gani

Nimechukua vinne na nitavitumia vile vile pande zote. Hela, na hapo namaanisha kiasi pamoja na lini inaingia, maana laki mbili ya leo na laki tano ya Desemba ni vitu viwili tofauti kwa mtu anayedaiwa kodi ya chumba. Vifaa na hali ya hewa, hili wenzetu wa Dar hawalijui kama sisi ambao ndani ya wiki moja unachora baridini Uyole na kwenye joto la Kyela. Neno la mwisho, yani nani anasema picha imeisha. Na haki pamoja na jina, picha ni ya nani ukishalipwa, na watu watajua ni wewe?

MANDHARI YAKO MWENYEWE

Hela

Hapa wewe ndo unatangulia kutoa. Kanvasi, rangi, nauli ya kushuka mpaka ziwani, pa kulala, yote mfukoni kwako kabla hata mteja hajazaliwa. Halafu unasubiri. Wageni wengi huku wanaonekana miezi ya kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi, na kidogo tena sikukuu za Desemba, kwa hiyo picha uliyoimaliza Februari jua itakaa. Lodji nyingi hazinunui, zinachukua kwa mali kauli, ikiuzwa wanakata chao wewe unapewa kilichobaki. Siyo vibaya, ila andika kwenye daftari picha ngapi, ukubwa gani, bei gani, wao wanakata asilimia ngapi, na ikichanika au ikilowa nani analipa, halafu msaini wote wawili. Bila hiyo karatasi meneja akibadilika na picha zako zinakuwa mapambo ya bure.

Ukubwa nao unaamua sana. Mgeni wa ndege anataka kitu cha kuingia begini, A4 au A3, au kanvasi isiyo na fremu ya kuviringisha ndani ya kipande cha bomba la plastiki (unakata kwa fundi bomba, bei rahisi kabisa). Picha ya mita moja na nusu ni ya hoteli, benki, ofisi, na hao wanaamua polepole. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia vipande vya hardibodi na rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, vitu vilivyokuwepo madukani, na wageni waliweza kubeba wakaondoka nazo. Staili ile imeitwa jina lake mpaka leo. Udogo wa picha na wepesi wa kubeba ulikuwa sehemu ya biashara yenyewe.

Kizuri ni kwamba picha haiozi. Isipouzwa mwaka huu itauzwa mwakani, na wakati inasubiri unaweza kuipiga picha vizuri ukauza printi ndogo ndogo.

Vifaa na hali ya hewa

Hapa nitakaa kidogo maana watu wanaharibu kazi nzuri. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupotea hewani, inakauka kwa mafuta yake kushikana na oksijeni, ndo maana baridi ya Juni na Julai pale Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inaichelewesha vibaya, na Makete ndo usiseme. Panga wiki, usipange siku. Na kumbuka sheria ya tabaka, chini paka nyembamba yenye mafuta kidogo na juu yenye mafuta zaidi, ukigeuza itapasuka baadaye ikiwa ukutani kwa mtu. Akriliki ni ya maji na inakauka fasta, ila nayo chini ya nyuzi 10 hivi utando wake haushikani sawasawa, kwa hiyo usipake saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu wa Mufindi ukategemea ikae. Shuka sasa Matema, ziwa liko mita 475 hivi tu, joto, akriliki inakauka kwenye paleti kabla hujachanganya. Beba chupa ya kunyunyizia maji na kitambaa kibichi cha kufunikia.

Mwanga wa pale unataka ujipange. Milima ya Livingstone iko upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea nyuma yake na ukuta wote uko kivulini, bluu nzito isiyo na maelezo, kinachong'aa ni maji tu na mgongo wa mtumbwi. Kuanzia saa tisa alasiri jua limeshahamia magharibi linaupiga ukuta usoni, hapo ndo unaona makorongo, miti, udongo mwekundu mahali ulipoporomoka. Yani ni picha mbili tofauti mahali pamoja, na huwezi kuanza moja asubuhi ukaimalizia jioni. Siku nyingine kuna lile wingu la wadudu wadogo linalosimama juu ya maji kwa mbali, mgeni anadhani kuna kitu kinaungua. Kama umewahi kuliona lichore, maana aliyelala pale usiku mmoja atalitambua na atainunua picha kwa sababu hiyo hiyo.

Neno la mwisho

Lako. Unataka anga lichukue robo tatu ya picha, sawa, unataka kuwaacha watu nje, sawa. Ila soko nalo linanong'ona. Utaambiwa weka twiga, weka Mmasai anaangalia machweo, wakati ufukwe wa Matema una wauza samaki na vyungu vya Wakisi vinavyokuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe mpaka mnada wa Lyulilo. Mi nasema chora vyungu. Vile vyungu vyenye rangi ya udongo vimepangwa mchangani na maji nyuma ni picha ambayo mchoraji wa Zanzibar hana.

Haki na jina

Hapa umekaa vizuri kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda mchoro tangu unapouchora, na ulinzi unaenda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Aliyenunua kanvasi amenunua kanvasi, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye kalenda. Kusajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, fanya. Na jina lako liko pale kwenye kona, kila anayeingia sebuleni analisoma. Linakua taratibu lakini linakua likiwa lako.

BANGO LA USAFIRI KWA ODA

Hela

Hapa mteja anatangulia, au anatakiwa atangulie. Chukua nusu kabla ya kuanza, na iliyobaki kabla ya kukabidhi faili kubwa la kuchapia, siyo baada. Hela inaingia mwezi huu na hata ukipewa masika inaingia, msimu hauhusiki. Kwa mtu mwenye watoto shule hili ni jambo kubwa na simlaumu anayelifuata.

Kinachokula hela ya bango ni marekebisho. Tuseme mmekubaliana laki sita na umepanga siku 6, hiyo ni laki moja kwa siku, safi. Akianza “hebu sogeza basi kidogo, hebu badilisha anga, shemeji yangu anasema bluu imezidi” ukafika siku 15, umeshuka hadi elfu 40 kwa siku na kazi nyingine umezikataa. Kwa hiyo kwenye makubaliano andika marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, mawili yanatosha, na la tatu lina bei yake. Pia mteja akiwa kampuni anaweza kukukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kwa laki sita ni elfu 30, sasa iingize kwenye hesabu mapema na udai cheti cha makato maana ni kodi yako imelipwa hiyo.

Vifaa na hali ya hewa

Baridi haikusumbui sana, kinachokusumbua ni mashine ya kuchapia na jua. Simu ya megapikseli 12 inakupa picha ya pikseli (vile vinukta vinavyojenga picha) kama 4,000 kwa 3,000. Kwa bango kubwa la kutazamwa kwa mbali, pikseli 100 kwa inchi zinatosha, kwa hiyo hizo 4,000 zinakupeleka mita moja hivi. Lakini bango la A1 (sentimita 59 kwa 84 hivi) la kubandika ndani ya ofisi ya tiketi, mtu anasimama karibu kabisa, ukitaka 300 kwa inchi unahitaji pikseli 7,016 kwa 9,933, simu hiyo haifiki, itabidi upige vipande uviunganishe au uchore moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukipiga picha ya mchoro toka nje siku ya mawingu, usitumie flashi, simu iwe sambamba kabisa na picha, na weka karatasi nyeupe pembeni ili baadaye urekebishe rangi.

Sasa jua. Angalia mabango ya zamani pale stendi, yale yaliyokaa miaka, yote yamebaki bluu bluu. Wino wa njano na ule wa majenta (nyekundu ya kipinki) kwa kawaida ndo vinatangulia kufifia, bluu na nyeusi vinabaki. Kwa picha ya ufukweni hii ni hatari zaidi kuliko picha nyingine yoyote, maana mchanga na machweo vyote vimejengwa juu ya njano na nyekundu. Mchanga unageuka kijivu, machweo yanapotea, ziwa peke yake linabaki. Dawa yake ni kuijenga picha kwenye giza na mwanga, siyo kwenye rangi tupu, mchanga uwe mweupe kabisa mbele ya mlima mzito, mtumbwi uwe kivuli cheusi, ili hata rangi zikikimbia umbo libaki. Jaribu kwa kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, ikisomeka hapo itasomeka hata ikichakaa.

Na herufi. Kanuni ya mafundi mabango ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 ili isomeke kirahisi, kwa hiyo mtu aliye mita 12 ng'ambo ya barabara anahitaji herufi za sentimita 10. Acha nafasi hiyo tangu skechi ya kwanza, anga tupu juu, siyo umalize mlima wako mzuri halafu waje waupige namba ya simu usoni.

Neno la mwisho

La mteja, na hili likubali kabla hujachukua adivansi. Mwenye basi atahesabu madirisha. Ataangalia rimu, ataangalia mstari wa rangi ubavuni kama umepinda sawa na wa kwenye gari lake, na ziwa lako kwake ni kitu kilicho nyuma ya gari. Ana haki, gari ndo analouza. Mchoraji anayechukia hilo atateseka, lakini kuna wengine linawajenga, maana bango linakufundisha kupunguza. Tom Purvis aliyechora mabango ya reli ya LNER kule Uingereza miaka ya 1920 na 1930 alikuwa anachora pwani kwa rangi chache za bapa, hakuna mawimbi mia, hakuna vivuli vidogo vidogo, na unaelewa joto la mchanga papo hapo. Enzi hizo kila rangi ilihitaji bamba lake la kuchapia, kwa hiyo uchache wa rangi ulikuwa pia akiba. Leo printa haijali ina rangi ngapi, ila jicho la mtu aliye ndani ya bajaji bado linajali.

Jambo moja usilegeze hata mteja akikasirika: ukweli wa safari. Kama basi linaishia Kyela mjini usilichore limepaki mchangani Matema. Abiria akishushwa stendi akaambiwa atafute gari jingine, hasira anampa konda, na bango lako linakuwa ndo uongo wenyewe.

Haki na jina

Hapa ndo wengi wanapoteza. John Hassall, mchoraji Mwingereza, alichora mwaka 1908 bango la mji wa pwani wa Skegness kwa ajili ya kampuni ya reli ya Great Northern, mvuvi mnene anarukaruka ufukweni, alilipwa gini 12 (hela ya zamani ya Uingereza). Bango likawa moja ya mabango maarufu kuliko yote Uingereza, mji umelitumia miaka na miaka. Yeye mwenyewe mji ule alikuja kuutembelea mwaka 1936. Bango linaweza kudumu kuliko malipo yake, kwa hiyo usiandike kwamba unauza haki “zote”. Andika unampa ruhusa ya kutumia picha kwenye nini, mabasi na ofisi za tiketi tuseme, kwa muda gani, miaka miwili, na akitaka fulana au kalenda mnaongea upya. Akitaka kununua haki zote kabisa awe huru, ila bei iwe ya haki zote. Na jina lako dogo chini kulia liwemo kwenye makubaliano kabisa, maana dizaina wa duka la uchapaji akilibana bango litoshe stika, jina ndo la kwanza kukatwa.

Aliyeshika vyote viwili

Norman Wilkinson, Mwingereza, alizaliwa 1878 akafariki 1971, alikuwa mchoraji wa bahari hasa, meli na maji ndo maisha yake. Mwaka 1905 alichora bango la kampuni ya reli ya London and North Western kutangaza safari ya kwenda Ireland, picha ya bahari na meli, maneno machache, wakati mabango ya reli ya enzi hizo yalikuwa yamejaa maandishi na vipicha vingi vya kubanana. Mwaka 1924 akaisaidia reli ya LMS kuwaingiza wachoraji wakubwa wa Royal Academy, chama kikubwa cha wasanii Uingereza, wachore mabango. Katikati hapo, vita kuu ya kwanza, 1917, ndiye aliyekuja na wazo la kupaka meli michirizi mikali ya kuchanganya macho ya manowari zisijue meli inaelekea wapi. Mtu aliyekaa anaangalia meli majini miaka mingi ndo anaweza kuwaza hivyo.

Ninachokipenda kwake ni mpangilio: bahari ilitangulia, oda ikaja kwa sababu anaijua bahari. Ila tusijidanganye kwamba tuko mazingira yale. Wale walikuwa na kuta za stesheni zenye vipimo maalumu, bango la kusimama inchi 40 kwa 25 na la kulala inchi 40 kwa 50, na lile la kulala lilikaa vizuri na pwani kwa sababu upeo wa maji unataka upana. Huku kwetu bango lako linaweza kuishia nyuma ya Kosta, kwenye kioo cha ofisi pale Nanenane, au status ya WhatsApp. Hivyo umbo la picha linaanzia kwenye swali la itabandikwa wapi.

Sasa nani ashike lipi

Kama una kodi ya kulipa mwezi huu na huna akiba, chukua oda za mabango, na kila adivansi ikiingia tenga kiasi kidogo cha kanvasi ili mkono wa mandhari usilale. Kama una kipato kingine, unafundisha, una shamba la viazi au parachichi, basi huna sababu ya kukimbilia mabango, kaa na ziwa misimu yote, masika lipo tofauti kabisa na Septemba, ukusanye kazi za kutosha kuonyesha kwa pamoja.

Mtu anayekosa usingizi akiambiwa “punguza mlima” aende mandhari, na hilo siyo kosa la tabia. Mtu anayependa kuona kazi yake mtaani, anafurahi kusikia konda anaisifia, atachoka haraka kusubiri wageni wa lodji. Wa Iringa mjini mna wageni wanaopita kwenda Ruaha, kwa hiyo picha ndogo za kubeba zina nafasi kubwa kwenu kuliko Tunduma, ambako magari na abiria ndo mji wenyewe na bango linaonwa na watu mchana na usiku.

Anayetaka vyote, kuna njia ya kati ambayo huku haijatumika vya kutosha: chora mandhari yako kwa utashi wako, ila acha anga pana, halafu mpelekee mwenye mabasi au boti picha iliyokwisha tayari na umuuzie ruhusa ya kuitumia kwa muda. Kanvasi inabaki yako ya kumuuzia mtu mwingine. Atakachoongeza ni herufi zake na nembo, basi la kuhesabu madirisha halimo.

Na wewe ambaye simu imeshaita na mteja anasubiri jibu, muulize leo hii bango litakaa wapi na kwa muda gani, nani anachapa, nani ndani ya ofisi yake anatoa kauli ya mwisho (apatikane mmoja, siyo familia nzima), marekebisho mangapi, na jina lako litakaa kona gani. Yaandike hayo kwenye ujumbe mmoja mfupi, umtumie, usubiri ajibu “sawa”, ndo ushike penseli.